Mfuniko wa Kasuku

Ukitaka kumfundisha Kiingereza mtu anayekusuka nywele, jiandae kuvutwa kichwa. Rachael alilijua hilo siku ya kwanza, pale aliposema "drop off" na Mwongeli akashtuka, na mikono yake ikashtuka pamoja naye.

"Haiya! Pole pole, hiyo ni ngozi yangu!"

"Pole, mwalimu. Lakini rudia. Mtoto anafanywa nini?"

"Drop off. *We drop her off at school in the morning.*"

"Drop si ni kuangusha?"

"Ndio, lakini hapa ni kumpeleka. Unamwacha kwa gate, unaenda zako."

"Na jioni?"

"*We pick her up.*"

Mwongeli aliacha kusuka kabisa. "Kwa hivyo asubuhi namwangusha, jioni namwokota. Woi! Kwani mtoto ni shilingi?" Akacheka mpaka Rachael, kichwa chake kikiwa kimebanwa katikati ya magoti ya mwanafunzi wake, akacheka naye.

Ndivyo masomo yalivyokuwa, mwalimu chini na mwanafunzi juu. Saluni ya Mwongeli ilikuwa kibanda cha mabati mbele ya nyumba yao, Kamenu, mjini Thika. Rachael alikuwa anasomea ualimu na aliishi hosteli kule Kahawa Wendani. Mapatano yao yalikuwa rahisi: huyu anasuka, huyu anafundisha, na hakuna anayemdai mwenzake.

Haja yenyewe ilikuwa Ndila. Binti huyo wa Mwongeli alikuwa amemaliza Gredi ya Sita, akafanya mtihani wa kuingia shule moja ya kibinafsi ya Membley, huko Ruiru, na akaupita vizuri. Shule hiyo ilikuwa na wafadhili. Kilichobaki ni intavyu ya wazazi, baba na mama pamoja, mbele ya mwalimu mkuu. Rachael aliwahi kufanya mazoezi ya kufundisha pale, kwa hivyo alijua mambo ya ndani.

"Pale, hata ukipiga chafya wanakujibu na Kiingereza," alionya. "Madam Wakonyo atauliza vile mtoto anaishi na vile anasoma. Si grammar anataka. Lakini ukisema *she is carried to school*, atashangaa."

Mwongeli hakuwa mtu wa kuogopa kushangaza watu. Kilichomshika ni udadisi. Kila msemo aliopewa aliugeuzageuza kama mtu aliyeuziwa nguo ya mtumba, anatafuta mahali palipochanika. Mbona Mzungu anasema *sit an exam*, kwani ni kuku anayeatamia mayai? Mbona shule ikifungwa anasema *break up*, na Januari ipo pale pale, nzima? Mtoto akishindwa na masomo ni *fall behind*. Akijikakamua ni *catch up*. Akitoroka ni *skip*.

"Mwalimu, nimewajua," alisema siku moja akitafuna ncha ya uzi. "Kwao shule ni mbio. Kuna kuanguka nyuma, kuna kushika, kuna kuruka. Hakuna pahali mtu amekaa tu akaelewa."

"Ngai, sijawahi kufikiria hivyo," Rachael akasema.

Kisha akamweleza kuhusu nafasi zenyewe. Zilikuwa za aina mbili. Nusu, ambapo mfadhili analipa nusu na mzazi nusu, na lazima mmoja wa wazazi alete barua ya mwajiri. Na kamili, ya nyumba ambayo haina mtu wa mshahara, ambapo mfadhili analipa yote. "Ukitaka kubadilisha, ni kabla ya Ijumaa jioni. Baada ya hapo wanafunga."

"Nibadilishe nini?" Mwongeli akasema, na sauti yake ikapanda kidogo. "Baba Ndila ako na kazi. Kiwanda cha maboksi, miaka yote hii. Hiyo ya bure waachie wenye shida."

*

Tatizo la kumsuka mwalimu wako mara moja kwa wiki ni kwamba misemo inakuja Jumamosi na kufikia Jumatatu imeyeyuka. Mwongeli alifikiri sana juu ya hilo, na jibu lilipomjia, lilitoka alikosomea mwenyewe, kule Matuu.

Shuleni kwao kulikuwa na diski. Ilikuwa mfupa wa ng'ombe uliotobolewa na kutiwa kamba. Ukisikika unaongea Kikamba, unavikwa shingoni, na unatembea nao mpaka umsikie mwenzako akiteleza, ndipo unamvisha yeye. Atakayekuwa nao jioni anachapwa. Watoto walitegeana. Wengine walikuwa wakimkanyaga mwenzao kidole makusudi, wangoje alie kwa lugha ya mama yake. Mwongeli alikuwa hodari wa kutega, na diski haikuwahi kulala kwake.

Basi akachukua mfuniko wa kasuku, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, akautoboa kwa msumari wa moto na kuutia uzi wa kusukia nywele. Kasuku yenyewe akaifunika kwa sahani. Jioni akawasimamisha wote sebuleni.

"Kuanzia leo, kutoka chai ya jioni mpaka kulala, ni Kiingereza. Ukitoa Kikamba au Kiswahili, unavaa hii. Mwenye atalala nayo anaosha vyombo."

Ndila alimwangalia mama yake na kuinua nyusi. "Mwaitu, hiyo hata shule walikataza."

"Hapa ni kwangu. Vaa."

Mwelu, kitinda mimba wa miaka mitano, alirukaruka kwa furaha kama aliyeletewa mchezo mpya, na kweli ulikuwa mchezo mpya. Nzioki, baba yao, mtu mpole mwenye mikono mikubwa iliyozoea gundi ya maboksi, aliangalia mfuniko, akamwangalia mkewe.

"Mama Ndila, mimi nimetoka kazi nimechoka. Hata kuitisha chumvi nitafute dictionary?"

"Disc!" Mwelu akapiga kelele. Nzioki akavikwa, watu wakacheka, na vyombo akaviosha huku akinung'unika.

Siku za kwanza alipigana nao. Alikuwa mtu wa hadithi, Nzioki. Kila jioni alikuwa na jambo la kiwandani: msimamizi aliyekaa juu ya gundi, paka aliyezalia ndani ya boksi la oda. Sasa alianza hadithi, akakwama, akavikwa. Mwongeli alimhurumia, lakini alijiambia ni ya muda mfupi tu. Nyumba ikawa na sentensi fupi safi: *Please pass the salt. Have you handed in your homework? I am keeping up, thank you.* Mwongeli alizisikia akajiona amefika Membley tayari.

*

Halafu kitu kikabadilika, na Mwongeli, ambaye jicho lake halikosi kitu, alikiona ila hakukielewa. Nzioki aliacha kupigana. Aliingia nyumbani, akasema neno moja la Kiswahili mlangoni, makusudi kabisa, akautoa mfuniko kwenye msumari wa ukutani na kujivisha mwenyewe. Kisha akakaa nao kimya hadi wakati wa kuosha vyombo, na akaviosha bila kunung'unika. Wengine walipoteleza mbele yake, hakuwashika.

"How was work?" Mwongeli akamuuliza.

"Fine."

"And your boss?"

"Fine."

Ni neno rahisi lile. Linafunga mlango vizuri.

Tena Mwongeli alipofua overoli ya mumewe, maji yalitoka meupe. Kwa kawaida yale ya kwanza hutoka na utelezi wa gundi, unabadilisha mara mbili. Mwongeli alisimama akiangalia beseni. Labda wamempandisha cheo, alifikiri, anasimamia tu. Furaha ikampanda. Labda anatunza habari hiyo aje kuisema siku ya intavyu. Mwanamke yule alikuwa na maswali kwa kila kitu duniani, ila kwa hili alijipa jibu tamu akalala nalo.

Ijumaa ile ya mwisho wa kubadilisha nafasi, Nzioki alirudi mapema, chai ya jioni ndiyo kwanza inamiminwa. Akakaa ukingoni mwa kochi. Mwongeli alikuwa anamsikiliza Ndila, *I would like to settle in quickly*, na akawa anawaza kwamba *settle* ni kama majani ya chai yanavyotulia chini ya kikombe.

"Mama Ndila," Nzioki akasema. "Kuna kitu nataka..."

"Disc!" Mwelu akaruka kutoka chini ya meza. "Daddy disc! Daddy disc!"

Mwongeli alicheka mpaka akajifuta macho. Hata Ndila alicheka. Nzioki akawaangalia, akacheka nao kidogo, akainamisha shingo ili mtoto amvishe. Na hakusema tena.

*

Siku ya intavyu walivaa walivyovaa siku ya kubatizwa kwa Mwelu. Kwenye geti la shule, kule Membley, askari alimtazama Mwongeli kwa heshima, kisha akamtazama Nzioki.

"Fundi, wa bomba wanaingilia gate ya nyuma."

"Ni mzazi," Mwongeli akasema kwa ukali. "*We have an interview.*"

"Pole, mama. Ingieni tu."

Nzioki alishika kola yake na kuinyoosha, mara mbili, mpaka walipofika mlangoni.

Ofisi ya Madam Wakonyo ilikuwa safi, haina mbwembwe. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa mnyororo, na macho yaliyozoea kusikiliza wazazi wakidanganya. Aliuliza kwa Kiingereza cha polepole, na Mwongeli akapaa. *We shall drop her off ourselves, Madam, and pick her up. She has never skipped a class. When she falls behind, she catches up.* Kila msemo ulitua palipostahili. Madam Wakonyo aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, na Mwongeli akahisi kifua kinataka kupasuka kwa fahari.

Kisha mwalimu mkuu akamgeukia Nzioki. "And Baba Ndila? What do the two of you talk about at home, you and your daughter?"

Mkono wa Nzioki ulipanda kifuani, pale mfuniko ulipozoea kuning'inia, ukakosa kitu. "Fine," akasema.

Mwongeli akaruka kuokoa. "He tells her, Madam, that—"

"Nimeuliza baba," Madam Wakonyo akasema, kwa Kiswahili sasa, bila ukali. "Sema na lugha yoyote, Baba Ndila. Mimi sitafuti Kiingereza chako. Nilifundisha Masii, hata Kikamba nitakuelewa kidogo."

Mwongeli alimkodolea macho. Masii! Wiki zote zile, na mfuniko wote ule, na mwanamke huyu alikuwa amefundisha Masii!

Nzioki alimgeukia mwalimu mkuu. "Madam, kwetu siku hizi hatuongei," akasema. "Hatujagombana. Tumenyamaza tu. Na mimi niko na neno limenikaa hapa." Akagusa koo. "Kazi iliisha. Walileta mashine ya kukunja maboksi, sisi wa mkono tukaambiwa asante. Asubuhi natoka na overoli, naenda Makongeni kungoja kibarua. Siku zingine napata, zingine sipati. Hiyo barua ya mwajiri mliitisha, sina. Sikutaka kuja kukudanganya mbele ya mama ya watoto."

Misemo yote ikamtoka Mwongeli kichwani. Ilibaki overoli, na beseni, na yale maji meupe.

Madam Wakonyo alivua miwani. Alipoongea ilionekana hakufurahia kuongea. "Mbona hamkusema? Shida hii ndiyo ile nafasi kamili iliwekwa kwa ajili yake. Ijumaa mchana ilikuwa bado haina mtu. Hata mngepiga simu tu. Jumatatu tuliipeana kwa mtoto mwingine, na barua imeenda kwa wafadhili."

"Madam, tafadhali," Mwongeli akasema. "Mtoto alipita."

"Alipita, mama. Vizuri sana. Jina lake nitaliweka la kwanza kwa wale wanangoja, lakini siwezi kuwadanganya ati kuna mtu atatoka."

*

Walitoka getini, askari akawapigia saluti, ikawauma zaidi. Hatua chache mbele palikuwa na ukingo wa mtaro uliochimbwa kwa ajili ya nyumba mpya. Mwongeli akakaa pale pale, na nguo yake ya ubatizo, vumbi na yote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini? Baba Ndila, usinifanye mjinga. Lini?"

"Ijumaa. Nilitoka Makongeni nikitembea, nikasema leo ni leo. Nikaanza. Mtoto akasema disc." Aliongea bila hasira, na kama angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "Ukacheka. Na mimi nikacheka."

Aliiona jioni ile yote upya: yeye akijifuta macho, shingo kubwa ya mume wake ikiinama mbele ya mtoto. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kumbe mshindo wenyewe ulimtoka Mwelu chini ya meza, na mama mtu akaushangilia.

"Ungeitupa," Mwongeli akasema. "Hiyo takataka ya mfuniko. Ungeitupa mlangoni useme, we mwanamke, nyamaza, kuna shida."

"Ningeitupa. Ni kweli." Nzioki akakaa kando yake. "Lakini sitakuficha. Niliogopa. Ukivaa ile kitu hakuna mtu anakuuliza swali. Wiki ya kwanza niliichukia. Ya pili nikaona, eh, hapa mtu anaweza kujificha. Siku ile moja tu ndiyo nilitaka kutoka, na mlango ukawa umefungwa."

Mwongeli alilia, na hakulia kwa sababu ya shule pekee. Alilia kwa sababu mfupa wa ng'ombe wa Matuu ulikuwa umemfuata miaka yote hiyo, na aliyeukaribisha nyumbani na kuutia uzi mpya ni yeye. Shuleni hakuwahi kulala na diski. Sasa ilikuwa yake, na hapakuwa na mtu wa kumvisha.

Nzioki alimpa kitambaa chake. Bado kilikuwa na harufu kidogo ya gundi.

*

Ndila aliwangoja mlangoni. Alikuwa amejiandaa, sentensi imenyooka. "*How did it go?*"

Rachael ndiye aliyeufundisha msemo huo, na Mwongeli alikuwa ameupenda sana, jinsi jambo linavyoulizwa lilikwendaje kana kwamba lina miguu. Akamshika binti yake mabega na kumwambia kwa Kikamba, lugha aliyomwimbia akiwa mchanga, maneno yote, bila kuruka hata moja: kazi ya baba, nafasi iliyokwenda Jumatatu, na kicheko cha Ijumaa.

"Mwaitu disc!" Mwelu akaja mbio, mfuniko mkononi, uzi ukiburuta sakafuni.

"Ndio," Mwongeli akasema. "Leta."

Hakuuvaa. Aliung'oa uzi, akauosha mfuniko, akaenda jikoni na kuondoa sahani juu ya kasuku. Sisimizi walikuwa wameshapata njia ya kuingia mle. Akawatoa na kijiko, akaufunga mfuniko mahali pake, na kidole chake kikabaki pale juu ya tundu alilolichoma kwa msumari. Sisimizi wangerudi hapo hapo, alijua. Ingebidi kununua mkebe mwingine.

Ndila alilia chumbani, kilio cha mtoto mkubwa, cha kuziba mdomo kwa mto. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akamkuta baba yake ameketi na kikombe cha chai, shingo tupu. Alikaa karibu naye. Walikuwa wamepoteza mazoea ya kuzungumza.

"Nau," Ndila akamwita baba yake kwa Kikamba. "Hiyo mashine, inakunjaje boksi bila mkono?"

Nzioki alimwangalia. Kisha akaweka kikombe chini, akachukua karatasi iliyofungiwa mkate na kuanza kuikunja polepole, pembe kwa pembe. "Angalia. Sisi tulikuwa tunaanza hapa. Yenyewe inavuta hewa, inabeba karatasi kama mtu anafyonza maziwa na mrija. Siku ya kwanza ilikwama, na unajua nani aliitwa kuifungua? Mimi. Msimamizi ananishikia tochi, anatetemeka, ati isimkunje na yeye..."

Mwelu alicheka kwanza. Ndila akacheka huku pua imejaa. Nzioki aliendelea, Kikamba kikigongana na Kiswahili na vipande vya Kiingereza cha kiwandani, mikono ile mikubwa ikipaa juu ya meza, na chai ikapoa mbele yake bila kuguswa.

Mwongeli alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Miaka yote hiyo alikuwa amefua overoli ile, akajua maji yake ya kwanza na ya pili, na hakuwahi kuuliza karatasi inakuwaje boksi. Swali lenyewe halikumjia. Alikuwa ameuliza kila kitu kuhusu Wazungu na shule yao.

Nzioki alifika mahali pa kuipumzisha hadithi, akatafuta kikombe.

Mwongeli akavuta kigoda, akakaa.

"Na halafu?" akauliza.